Vibanio Arobaini

Theodosia Tluway wa Mbulu
alifanyia mazoezi yake juu ya paa,
nyumba ya ghorofa mbili, Al-Hail,
saa kumi alfajiri, kabla ya adhana,
baina ya matangi ya maji na dishi la setilaiti.
Hatua thelathini. Geuka. Hatua thelathini.
Kila mizunguko kumi alihamisha kibanio kimoja
kutoka kamba ya mashuka kwenda kamba ya taulo.
Vibanio arobaini vikihama vyote, alijua amefika,
ijapokuwa hajatoka.

Alipokuwa msichana alishinda mbio za shule, akazawadiwa sufuria.
Mama yake aliisongea ugali miaka kumi na tisa,
hadi Agosti ile simu ilipolia jikoni,
mikono yake imejaa unga wa watu wengine,
na msiba ukapita bila yeye.
Siku hiyo hakuhamisha kibanio.
Kesho yake alihamisha kimoja.

Kanisani Ghala tunapeana zamu za ukumbi.
Wafilipino wakitoka wanaingia Wakerala,
sisi wa Kiswahili tunapewa saa nane,
viti vingali na joto la waliotangulia.
Hapo shemasi Fortunatus alitusomea habari za riadha,
barua ya yule mshona mahema aliyezeekea kifungoni,
kisha akaongeza ya kwake:
"Ndugu, mbio hizi hazina kijiti. Kila mtu na kilomita zake."
Theodosia, safu ya nyuma, akaguna.
Nje, akitafuta kandambili zake, akaniambia:
"Vile viti vilikuwa na joto. Si kijiti hicho?"

Nusu marathoni ilikuwa Ijumaa ya Januari.
Viatu vya mtoto wa Bi Thuraya, vimemzidi saizi moja,
soksi juu ya soksi.
"Nenda," Bi Thuraya alimwambia, "lakini chakula cha mchana kikukute."

Mimi nilikuwa kilomita ya kumi na saba, na meza ya vikombe.
Nilijitolea ili nisiende kanisani.
Hilo sikumwambia mtu.
Walipita Wahabeshi kama uzi kwenye tundu la sindano,
wakapita watu wa mabenki na fulana zao mpya,
akapita baba anasukuma pacha kwenye kigari.
Kisha hapakupita mtu.
Wakaja waokota koni.
Kisha yeye, akichechemea.

Akaketi ukingoni mwa barabara, akavua kiatu.
Soksi ilikuwa na rangi ya komamanga.
"Dada, nimechoka," akasema, "wala si miguu."
Neno sikuwa nalo. Nilikuwa na maji.
Nikammwagia utosini,
tukatazamana, kila mmoja akijua
mwenzake amekumbuka nini.
Akavaa kiatu.

Tuliahidiwa wingu la mashahidi.
Asubuhi ile mbingu ya Maskati haikuwa na wingu
hata la kufutia jasho.
Palikuwa na mfagizi mmoja wa Kibangladeshi
aliyeegemeza ufagio kwenye mtende
akapiga makofi na glovu zake za rangi ya chungwa,
pap, pap, pap,
mpaka yule mwanamke akaimeza kona.
Nikaiacha meza. Nikamfuata.

Tao la mwisho lilikuwa limetolewa upepo,
limelala chini kama ngozi isiyo na mnyama.
Saa ilikwisha zimwa.
Kijana mmoja akasema medali zimekwisha,
akampa ndizi.
Theodosia akavuka pale ambapo mstari ulikuwapo,
akainua uso, bila tambo,
kama mtu anayesoma saa
ambayo mimi siioni.

Saa sita na nusu alikuwa anamenya vitunguu.

Usiku nilimwandikia: Umepata nini?
Alfajiri ikaja picha, haina salamu.
Kamba ya taulo, namba yake 2187 imeloa umande,
imeshikwa na vibanio viwili,
na chini yake maneno:
Bado thelathini na nane.